Kibao cha Njia ya Yiti

Ukishuka mlima kwenda Yiti, hapa Omani, kando ya barabara kuna kibao kipya cha mawe. Kimeandikwa kwamba Mzee Saeed ndiye wa kwanza kufuga ng'ombe na farasi katika bonde lile. Uongo mtupu. Aliyefuga ni baba yangu, Mahfoudh, aliyerudi kutoka Unguja akiujua ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kwa maziwa hayo akanunua farasi majike. Alipougua alimwachia jirani yake Saeed mifugo yote amtunzie. Alipopona, Saeed akamwambia amesahau, eti aliiuza mwenyewe. Baba alikufa na donge hilo, nami nikalirithi.

Siku ya kukizindua kibao, Murshid, mtoto wa Saeed, alisimamisha hema na kualika bonde zima. Binti yangu Jawaher ndiye aliyenipeleka kwa gari kutoka Hail, na njia nzima alinisihi nisiharibu shughuli ya watu. Nikamwambia naenda kusoma tu.

Nikasoma, nikarudia. Jina la baba halimo. Nikapita walipoketi wanawake bila kusimama, nikaenda kukaa mbele ya wazee wanaume. Mzee Saeed alikuwa katikati yao, kwenye kiti cha magurudumu, kafungwa kilemba kipya. Murshid akanimiminia kahawa.

Nikakipokea kikombe, nikakiweka chini bila kunywa. Mazungumzo yakakatika. Omani nzima inajua maana yake: mgeni ana haja, wala hanywi mpaka mwenyeji aikubali. Akiondoka hajanywa, aibu ni ya mwenyeji. Lakini Murshid alitabasamu. Kwake yeye sisi wa Zanzibar tunajua karafuu na urojo, mila kama hizi tunaziigiza tu. Bila shaka alidhani nakuja kumwombea Jawaher kazi. Akasema kwa sauti, wageni wote wasikie, kwamba haja yangu imeshakubaliwa, ninywe.

"Basi simama uwaambie mifugo ilikuwa ya nani," nikamwambia.

Uso ukamsawijika. Akataka kucheka, hakuna aliyecheka naye. Mzee Taimur, aliyewahi kunywa maziwa ya ng'ombe wetu, akamkumbusha kwamba neno limeshamtoka. Murshid akasimama. Akasema mifugo ilikuwa ya Mahfoudh, na baba yake aliachiwa amana.

"Na amana ikaenda wapi?"

"Aliila," akasema, akitazama chini.

Mzee Saeed akaanza kulia bila sauti. Nilifurahi. Sitasema vinginevyo.

Jawaher alikuwa amenifuata, akainama sikioni mwangu. "Mama, mwonee huruma. Mtu mzima yule."

"Na baba yangu alikuwa mtu mzima," nikamjibu. Nikachukua kikombe, nikanywa polepole, huku namtazama Saeed usoni.