Baridi ya Ghorofa ya Tisa

Kwenye ofisi yetu ya kompyuta hapa Bangkok, watu walivua makoti wakitoka nje na kuyavaa wakiingia ndani. Nje ni Aprili, lami inanata kwenye kandambili. Ndani kiyoyozi kiko nyuzi kumi na nane na meno yanagongana. Mimi ndiye ninayefagia, ninayepiga deki na kuchemsha maji ya tangawizi, na mwaka ule mfuko wa tangawizi haukumaliza siku tatu.

Ndipo akaja Orathai. Ni binti wa mkoani, kutoka Roi Et, aliyeajiriwa kusimamia mambo ya mazingira na kupunguza umeme. Makao makuu yalimpa miezi mitatu: mita ya ghorofa yetu ishuke kwa sehemu moja ya kumi, la sivyo arudi kwao. Aliniambia hayo siku yake ya pili, huku ameshaninyang'anya ndoo ya maji.

"Lete, Bibi Lamyai, utavunja mgongo."

"Na wewe ukivunja wako?"

"Wangu bado mpya."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilikuta fungu la wali wa kunata na mishikaki miwili juu ya kabati langu la mafagio. Hakuwahi kusema ni yeye. Nikajiambia, huyu mtoto harudi Roi Et nikiwa hai.

Mwezi wa kwanza alibadilisha taa zote. Akabandika karatasi kwenye kila swichi: NIZIME UKIONDOKA. Mtu mmoja akaibandua moja na kuibandika mgongoni mwa Uan, mtengeneza programu ambaye husinzia akishakula. Mwezi wa pili Orathai akaamuru taa zizimwe saa ya chakula cha mchana, na watu wakala wakipapasa vijiko. Mita ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena kama iliyosahau kitu juu.

Siku moja akaingia chini ya meza na kifaa chake cha kupimia umeme. Nikasikia ukelele. Chini ya meza ya Uan palikuwa na hita ndogo, nyekundu kama kaa la moto, na soksi zimeanikwa juu yake.

"Kaka Uan! Hiki nini?"

"Mdogo wangu, hata miguu ni ya binadamu."

"Si upandishe kiyoyozi!"

Uan akamtazama kana kwamba kamtukania mama. "Halafu bosi apate joto? Mzee wa watu anashinda na suti kutwa! Una roho gani wewe?"

Orathai akaendelea kutambaa, meza hadi meza. Alipokuja kwangu jikoni alikuwa na vumbi puani.

"Kumi na moja, Bibi. Mashine moja kubwa inatupoza, kumi na moja ndogo zinatupasha moto. Makao makuu nitawaandikia nini?"

Nilimpa maji ya tangawizi. Mimi nilijua ya kumi na mbili. Ilikuwa chini ya meza ya Bwana Wirot, bosi mwenyewe, nyuma ya kapu la taka, imefunikwa taulo. Nilikuwa nikifagia pale miaka minne. Lakini mfagiaji akianza kutangaza yaliyo chini ya meza za watu, hamalizi mwezi kazini. Tena Bwana Wirot ni mtu mwema. Nilipofiwa na mume wangu, alikuja msibani siku zote tatu akigawa maji kama mtoto wa nyumbani. Ningemuaibishaje?

Nilijua pia mkasa ulivyoanza. Siku moja, miaka hiyo minne nyuma, Bwana Wirot aliingia kutoka juani akajipangusa jasho, mara moja tu. Dada Jiap, katibu wake, akashusha kiyoyozi kwa rimoti hadi kumi na nane kwa heshima. Kesho yake bosi akaniambia kwa sauti ya chini, "Naona vijana wanapenda baridi, Bibi. Kazi ya kompyuta huchemsha kichwa. Tuwaache." Akanunua suti nzito. Vijana wakaiona suti, nao wakanunua makoti. Kompyuta kubwa zenyewe zina chumba chao na kiyoyozi chao. Hiyo baridi yetu haikuwa ya mtu yeyote.

Zikabaki wiki tano. Orathai akaomba kikao, nami nikapeleka vikombe. Alisimama mbele na karatasi yake.

"Naomba tupandishe hadi nyuzi ishirini na tano," akasema. "Tusipofanya hivyo wiki hii, mita haitashuka kwa wakati."

Bwana Wirot akakohoa. "Mimi sina neno. Vijana wanasemaje?"

Vijana wakamtazama Uan, naye akasema, "Sisi, Bosi, vile utakavyoona wewe."

"Hapana, hapana, vile mtakavyo ninyi."

"Tusije tukakutesa, Bosi."

"Mnitese mimi? Nisiwatese ninyi! Jiap, wewe unaonaje?"

Dada Jiap, shali mbili shingoni, akasema, "Mimi niko sawa kabisa." Kisha akapiga chafya tatu.

"Basi," akasema Bwana Wirot kwa huzuni, "kama wote mko sawa, tuliahirishe."

Orathai akaanza kukunja karatasi yake. Aliikunja polepole, mara mbili, mara nne, na nikaona midomo yake imebana kama ya mtoto anayekataa kulia mbele za watu. Ningeweza kusema habari ya taulo. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikameza, nikasema la kwangu.

"Bwana, nisamehe. Mimi kizee. Magoti yananiuma kwa baridi. Miaka minne sasa."

Ungedhani nimesema nyumba inaungua. Viti vilirudi nyuma vyote pamoja.

"Bibi! Na hukusema?"

"Niliona aibu kuwaharibia starehe yenu."

"Starehe gani!" Uan alipiga kelele. Akaziba mdomo, akamtazama bosi.

Bosi hakumsikia, alikuwa akigombania rimoti na Dada Jiap, kila mmoja akitaka awe yeye wa kubonyeza. Saa moja baadaye alivua koti la suti. Shati lake lilikuwa la maua. Hakuna aliyewahi kuliona.

Jioni ile nilikuta hita kumi na moja zimepangwa stoo. Asubuhi ya pili zilikuwa kumi na mbili. Ile ya mwisho niliisukuma nyuma kabisa ya ndoo, na taulo nikaifua.

Mita ilishuka kwa sehemu moja ya kumi na zaidi. Barua ya kumthibitisha Orathai ilipofika, Bwana Wirot aliisoma kwa sauti mbele ya wote, na Uan akalia kuliko Orathai.

Ila wiki zile tano zilinipata. Kila wiki kuna aliyepita kwenye rimoti akaniongezea uzi mmoja wa joto, kwa upendo. Siku ya barua ilikuwa nyuzi ishirini na tisa. Dada Jiap alikuwa amenivika shali aliyoifuma mwenyewe, Uan ananiletea soksi, na jasho linanitiririka hadi visiginoni.

"Bibi, unasikia joto?" Orathai akaniuliza mbele ya watu.

"Hata kidogo, mwanangu."

Alinitazama. Akatazama mashati yote yaliyolowa mgongoni, na la bosi likiwemo. Akapanda juu ya kiti, barua mkononi.

"Sasa mimi ni mwajiriwa kamili," akasema, "na hili ndilo agizo langu la kwanza. Rimoti hii ni nyuzi ishirini na tano, nayo inakaa kwangu. Kuanzia leo ni marufuku mtu kumhurumia mwenzake kwa rimoti."

Wote wakamgeukia Bwana Wirot.

"Vile atakavyoona Orathai," akasema upesi, huku akijipepea kwa bahasha ya ile barua.