Waya wa Ngusa, Pumzi ya Mama

Ngusa alipouza ng'ombe ishirini na tano akaagiza gari la umeme, mimi mkewe nilinuna wiki nzima. Msukuma gani anauza ng'ombe wote hao anunue kitu kisichozaa? Nilimuuliza hivyo, na sikuuliza kwa upole.

Mwaka huu mama yangu, Nyanzala, akaugua mapafu. Hospitali walipomruhusu walisema asikae bila mashine ya oksijeni. Nyumba yake kule Magamba haina umeme, ikabidi tumlete kwetu Kawajense. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mama ni wa kizamani: kwake yeye, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Basi mume wangu akawa anaingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa nyuma, anakohoa kwanza, na chakula anakula jikoni. Hakulalamika hata siku moja.

Jumanne mchana upepo ukaangusha nguzo. Umeme ukakatika, mashine ikapiga kelele kidogo kisha ikanyamaza. Mama akaanza kuvuta hewa kwa mabega, midomo ikabadilika rangi. Nilichanganyikiwa.

Ngusa alikuwa ameshasogeza gari hadi barazani. Akachomeka kifaa fulani cha kutolea umeme wa gari kwenye tundu la kuchajia, akavuta waya mrefu mpaka mlango wa chumba, akasimama hapo hapo. Mama alikuwa kitandani amejifunga kanga moja tu.

Nilimfokea aingie. Akageukia ukuta, akaninyooshea waya kwa nyuma. Mimi umeme naogopa, hata taa sijawahi kubadilisha. Akanielekeza pole pole, bila kugeuka, nichomoe nini, nichomeke wapi.

"Sasa washa, Mama Mary," akaniambia.

Nikawasha. Mashine ikaanza kuunguruma, na baada ya muda mabega ya mama yakatulia. Gari kule nje halikutoa moshi wala sauti, limekaa kimya linampa mama yangu pumzi. Nililia kwa furaha, na hasira yote ya wale ng'ombe ikaniisha.

Umeme haukurudi hadi Alhamisi. Wateja wa Ngusa, maana gari lile alilifanya teksi, walipiga simu wanataka kupelekwa huku na huku, akawakatalia wote. Alishinda barazani akichungulia asilimia zilizobaki kwenye betri, na kila mara ananiuliza kama mama anapumua vizuri. Kutoka sabini zilishuka hadi ishirini na saba.

Umeme uliporudi, alikuja mlangoni kuchukua waya wake. Akakohoa, akageuza uso kama kawaida. Nilipoinama kuuchomoa, mama akanishika mkono. Akatoa mrija puani ili asikike.

"Ngusa, mwanangu," akasema. "Ingia nikuone."

Ngusa akageuka, kichwa chini. Kisha akavua viatu, akaingia.