Kikao cha Jina la Mtoto Asiyekuwepo

Siku ya tisa baada ya upasuaji, nikiwa siwezi hata kukohoa bila kushika tumbo, wazee walikuja kumpa jina mwanangu. Mwana mwenyewe hakuwepo. Mimba nayo haikuwepo. Lakini ndugu zetu hawapendi kuchelewa, isipokuwa pale mtu anapoumwa.

Miaka minane nimelia kila mwezi. Waliniambia kila mwanamke anaumwa tumbo, wakanichemshia mizizi. Kumbe utando wa mji wa mimba ulikuwa umeota nje yake, ukashikana mpaka na mirija. Daktari aliuondoa, akasema, "Pona kwanza. Nafasi ya kushika mimba ipo, ila ahadi sitoi."

Mume wangu Hamudi akawapigia ndugu simu, akasahau hayo maneno ya mwisho.

Basi mjomba wangu Cuthbert akaja Masasi kutoka Lupaso na daftari la kuandikia mambo ya kikao. Shangazi yake Hamudi, Bi Mwanasha, akashuka kutoka Newala.

"Shikamooni," nikasema nikiwa mkekani.

"Marahaba, mwanangu, usiinuke," shangazi akajibu, kisha akaniagiza nimletee maji ya kunywa.

Mjomba akafungua kikao. "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kutoa jina ni mjomba. Ataitwa Yeremia."

"Yeremia? Mtoto wa Hamudi?" Shangazi akaruka. "Ataitwa Alfani, jina la babu yake!"

"Mmejuaje kama ni wa kiume?" Hamudi akauliza. Akaambiwa asiwaingilie wakubwa.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kutoka jina wakahamia shule: mjomba akataka ya misheni, Lukuledi, shangazi akasema labda yeye awe amekufa. Mshono ukanichoma, hasira zikanipanda. Nikasimama kwa kushika ukuta. Nilitaka kuwauliza walikuwa wapi miaka yote hiyo. Nilitaka kuwaambia kwamba daktari hakuahidi kitu, na huenda hayo majina yao yakakosa wa kuitwa.

Wakageuka wote kunitazama.

"Haya, sema, mama," mjomba akasema.

Nikafungua mdomo niwape vidonge vyao.

"Akiwa wa kike," nikasema, "ni Magdalena. Jina la marehemu mama. Nimelitunza tangu niolewe."

Nikalia mbele yao wote. Hakuna aliyebisha.