Picha Iliyokuja Wima

Jean-Berchmans alikuwa mbishi, Mungu amsamehe, maana mimi bado. Miaka yote tuliyorushiana picha kwa redio za mawasiliano, yeye kwake mtaa wa Kinyinya na mimi hapa Nyamirambo, picha zake zilikuwa zinafika zimelala upande. Nikamwambia, ndugu yangu, kadi yako ya sauti inahesabu vibaya. Akasema mbovu ni yangu. Jamani, mimi nafundisha fizikia! Nilikasirika nikazima redio, na kesho yake nikaiwasha.

Asiyejua mambo haya nimweleze haraka. Picha inageuzwa sauti, inapita hewani ikilia kama filimbi yenye mafua, halafu kompyuta ya huku inaigeuza picha tena, mstari mmoja mmoja kutoka juu. Kadi ya sauti inatakiwa kuikata sauti hiyo mara elfu arobaini na nane kwa sekunde. Ikikosea hata kidogo, kila mstari unaanza nje ya mahali pake, na picha inakwenda upogo mpaka mtu aliyesimama anaonekana anaanguka. Ile ya Berchmans, kadi ya kuchomeka ya bei chee aliyonunua mjini, ilikuwa na kosa lake la peke yake. Sijakutana na nyingine yenye kosa kama lile.

Nilipoona habadiliki, nikaipinda programu yangu. Nikaingiza kiwango cha kadi yake kwenye mipangilio, na kosa lake na desimali zake zote, na picha zake zikaanza kufika wima. Za dunia nzima ndizo zikawa zinalala. Mtaliano mmoja alinitumia picha ya kanisa la kijijini kwao, likaja kama mlevi anayetafuta ukuta. Sikujali. Niliyekuwa namngoja kila jioni alikuwa mmoja tu.

Halafu akaenda Ziwa Kivu kwa kazi, na boti yao ikapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, hata kiatu chake.

Mama yake alingoja miezi, kisha akasema imetosha. Jumamosi familia ingekutana kumaliza msiba, kuganduka, kama wanavyosema wao waliokulia Burundi: mjane anavua nguo za msiba, watu wanakunywa pamoja, marehemu anaachwa apumzike. Alida, mkewe, akagoma. Nguo hizo alizivaa kwa kumheshimu mama mkwe, lakini kuzivua, alisema, ni kukubali kwamba mumewe amekufa, na yeye hajaona maiti. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kichwa chake hakiko sawa. Nilimwonea huruma sana.

Jumatano nilikuwa nimetoka kuswali magharibi, nakunja mswala, redio ikaanza kulia. Picha ikashuka polepole: maji ya kijivu, maji tu, na nguzo moja imesimama katikati yake. Nikaitazama bila kufikiri, nikarudi kwenye mswala wangu. Kisha nikashtuka. Ile nguzo ilikuwa wima, na kwenye mashine yangu hakuna kinachokuja wima ila cha Berchmans.

Sikujiamini. Nilikuwa nimerekodi ile sauti, basi nikarudisha mipangilio kwenye elfu arobaini na nane kamili, nikaicheza upya. Nguzo ikalala upande uleule, kwa kiasi kilekile kilichotugombanisha miaka yote. Wallahi nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Yuko hai! Amekwama kwenye kisiwa fulani, ana redio yake, ana kadi yake! Nikarudisha mipangilio ya Berchmans, nikampigia Alida simu huku nalia, mimi ambaye wanafunzi wananiita Chuma.

Alida alikuja na pikipiki, nywele zimelaliana kwa kofia ya abiria. Nilitegemea anikumbatie. Alisimama tu mlangoni amefumba ngumi, akaniuliza nina uhakika gani. Nikamjibu kwa ukali kidogo, maana nilikuwa na furaha na sikutaka iguswe, kwamba kadi ya namna ile duniani ni moja, na aliyetuma picha anayo.

Akafumbua ngumi.

"Dada Zaina, kadi iko hapa," alisema. "Ilikuwa kwenye droo ya kitanda. Hakwenda nayo."

Niliipokea. Ilikuwa yenyewe, na ile plasta niliyomfungia mwenyewe pale waya ulipochubuka. Niliiweka mezani. Furaha yote iliniishia pale pale, nikajiona mjinga wa kumpa mwanamke wa watu matumaini kwa simu.

Ndipo redio ikaanza kulia tena.

Tuliketi bega kwa bega mbele ya skrini. Mistari ya kwanza ilileta ukuta wa rangi ya maziwa na kalenda ya msikiti, imening'inia wima kabisa. Kalenda hiyo ilikuwa mbele yetu, juu ya kompyuta. Kisha ukaja utosi wa mtu aliyefunga mtandio, na pembeni yake nywele zilizolaliana. Ilikuwa ni sisi, tumepigwa kwa nyuma kutoka juu, kwa kimo cha mtu mrefu. Berchmans alikuwa anainama kupita milango yangu.

Niliogopa, nasema wazi. Mistari ikaendelea kushuka: mabega yetu, migongo yetu, na mwishoni kabisa vidole vya mwanaume, kimoja kina pete ya ndoa, vinaelekea bega la Alida. Vilikuwa havijafika.

"Usigeuke," Alida aliniambia taratibu.

Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Alitoa simu, akampigia mama mkwe wake, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. Mama akaanza palepale kuuliza ameamua nini kuhusu Jumamosi, maana vinywaji vimeagizwa na mashangazi wameshaanza safari.

"Nitavua, Mama," alisema Alida. "Nimemwona."

Yule mama akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, amemwona wapi.

Alida alikuwa bado anatazama mbele.

"Yuko nyuma yangu."