Bushi Sita za Nyuma

Jumamosi, baada ya chai, mshonaji alikunja mikono ya gauni lake, akapanga matofali mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha akamwita shemeji yake apige jeki. Lori lilikuwa la tani tatu, rangi ya buluu iliyokwisha kugeuka kijivu, na lilikaa uani mwake mwaka na zaidi likimzibia kamba ya kuanikia nguo. Kampuni ya kusafirisha vigae ilimletea baada ya kumzika mumewe, pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema mambo mawili: kwamba lori sasa ni lake, na kwamba dereva alisinzia.

Alitia sahihi. Mfiwa hasomi, huandika pale anapoonyeshwa kwa kidole.

Kwenye kona lori lilikoacha njia walikufa wawili: dereva, ambaye ndiye mumewe, na mpakizi aliyekaa kando yake. Mke wa mpakizi aliishi nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Zamani walikuwa mashoga wa kuazimana chumvi na kuwasengenya waume zao kwa pamoja. Tangu ajali, yule mwenzake hakuitikia tena salamu. Mshonaji aliendelea kumwamkia kila asubuhi juu ya ukuta, naye aliendelea kunyamaza, na wote wawili waliizoea hali ile kama mtu anavyozoea jino bovu.

Shemeji alikuwa mdogo wake marehemu, fundi wa magari, mtu wa mikono mikubwa na maneno ya kupimwa. Gereji alikofanya kazi ilikuwa imefungwa, naye alitaka lori litembee ili familia ipate pa kushika. Aliingia chini yake chali, akachomeka mtaimbo kwenye springi, akausukuma.

"Shemeji, bushi zimekwisha, hii mipira ya kushikia springi," alisema kutoka huko chini. "Zote sita za nyuma. Springi inacheza ngoma peke yake."

Nati zilikuwa zimeshikana na kutu. Alizinyunyizia dizeli, akazigonga, akazibembeleza, akazitukana kidogo, mpaka zikaachia. Hakuwa na mashine ya kusukumia bushi, kwa hiyo alitumia bolti ndefu, kipande cha bomba na washa, kile kipete cha chuma, nene: unakaza nati, bushi inasogea unywele kwa unywele hadi inatoka. Kazi ya mshonaji ilikuwa kushika spana ya upande wa pili isizunguke.

Ya kwanza ilitoka saa nne kasoro. Mpira wake ulikuwa umepasuka na kulika upande mmoja kama sabuni. Ikaangukia kwenye karai, ikasema kwa sauti ya marehemu:

"Mkuu, lori linahama mkia nikikata kona. Naomba liangaliwe."

Shemeji aliiokota, akaifuta kwa kitambaa.

"Kaka huyo," alisema.

"Ndiye."

"Mpira ukikaa chini ya mtu miaka mingi hushika maneno yake. Bushi za mbele hazisemi la maana, injini inazipigia kelele. Za nyuma ndizo zenye habari." Akaitia alama ya chaki, akahamia ya pili.

Ya pili ilikohoa tu. Kilikuwa kile kikohozi chake cha alfajiri, mara tatu, kabla ya kutafuta ufunguo. Mshonaji aliiminya kwa kidole gumba, ikakohoa tena. Akaiweka kwenye mfuko wa gauni, kisha akaona si haki, akairudisha karaini pamoja na mwenzake.

Ya tatu na ya nne zilirudia ombi lile lile, moja kwa heshima, nyingine bila heshima. Ya tano ilikuwa na sauti mbili. "Hii ni mara ya nne nakuja," marehemu alisema. Sauti ya puani ikamjibu: "Vipuri vimeagizwa. Endelea nalo mpaka mwisho wa mwezi. Kama hulitaka, wapo wanaolitaka."

"Karani wa magari," mshonaji alisema. Ndiye aliyeleta ile karatasi.

Ya sita iligoma. Wakaiacha, wakanawa mikono kwa sabuni ya unga, wakafunika karai kwa kitambaa cha sare alichokuwa akikishona mshonaji, wakalibeba, wakawahi ofisini kabla ya kufungwa.

Karani aliwapokea vizuri, akawapa viti. Alizisikiliza zote tano kwa zamu, akiziminya kwa kitako cha penseli. Ile ya tano aliisikiliza mara mbili.

"Sauti ni yangu," alisema. "Siwezi kuikana."

"Basi andika kwamba hakusinzia," mshonaji alisema.

Karani alitoa faili, akaligeuza ili naye aone. "Tazama, mama. Maombi ya matengenezo huja kwa maandishi. Marehemu hakuandika."

"Ulimwambia aandike?"

"Hakuuliza." Alifunga faili taratibu, kama mtu anayefunika mtoto shuka. Kisha akasema bushi inabidi zibaki pale, kwa kuwa zilinunuliwa na kampuni. Shemeji akamkumbusha kwamba lori walipewa pamoja na vyote vilivyomo. Karani alifikiri.

"Kweli," alisema. "Ni zenu. Poleni sana."

Njiani mshonaji alitembea haraka kuliko shemeji yake. Kampuni na iseme itakavyo. Alikuwa na mtu mmoja tu aliyetaka asikie. Alipofika hakunywa hata maji. Akaita juu ya ukuta: "Shoga, njoo. Hakusinzia. Njoo umsikie mwenyewe."

Mwenzake alikuja. Alipita langoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza bushi moja moja. Ilipomalizika ya tano, alijifuta uso kwa upindo wa gauni.

"Nami nimemlaani kila siku," alisema. "Nimemlaani mpaka nimechoka."

"Hukujua."

"Sikujua, shoga." Akamshika mkono, nao wakakaa hivyo. Chini ya lori, shemeji alikuwa amerudi kwenye ile ya sita, maana kazi haingoji machozi ya mtu. Aliikata kwa msumeno wa chuma, akaipiga nyundo mbili, ikaanguka chini ikabingirika mpaka miguuni mwao.

Iliongea kwa sauti ya mpakizi, sauti ya mtu aliyekwisha kuweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. "Limetengenezwa?"

"Limetengenezwa jana," dereva akamjibu. "Panda, twende."

Mke wa mpakizi aliachia mkono wa mwenzake. Aliinama akaiokota bushi, akaiminya, ikarudia. Akaiminya tena.

"Alihofia kufukuzwa kazi," mshonaji alisema.

"Mume wangu alimuuliza."

Mshonaji alinyoosha mkono kuipokea bushi.

"Nipe hii," mwenzake alisema.

"Ina sauti ya wangu pia."

"Wewe unazo tano."

Akamwachia. Mwenzake akaondoka nayo, akarudishia lango bila kulibamiza.

Shemeji alisugua mashimo kwa msasa, akapaka bushi mpya maji ya sabuni, akaziingiza zote sita. Nati hakuzikaza mpaka lori liliposhushwa chini, kwani bushi hukazwa gari likiwa limebeba uzito wake. Ukiikaza likining'inia, mpira hujisokota na kufa mapema. Jioni walilizungusha mtaa mzima. Lilikata kona zote kama linalofuata mstari.

Jumatatu karani alipiga simu. Walikuwa wamepungukiwa na lori, na vigae vilikuwa vingi. Shemeji alikuwa ameshaulizia kazi kila mahali, akakosa. Akaenda na lori.

Tangu siku hiyo huondoka alfajiri, na mshonaji hubaki na cherehani yake karibu na ukuta. Mke wa mpakizi amejifunza namna ya kuiminya ile bushi. Huibonyeza kidogo tu kwa ncha ya kidole, inatoka sauti ya mumewe peke yake, kisha huiachia kabla ya jibu. "Limetengenezwa?" husikika juu ya ukuta, asubuhi, mchana, wakati wa kuosha vyombo. "Limetengenezwa?" Mshonaji huinua mguu kwenye pedali, hungoja kidogo, kisha huendelea kushona.