Kaya Moja

Kalista alikuwa anaanua maharage aliposikia kitu kikikwaruza ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Akadhani ni mbuzi wa shemeji yake. Alipozunguka akamkuta kijana mwenye kizibao cha njano, kopo la rangi nyekundu mguuni, amekwishachora mstari mmoja na sasa anaushusha wa pili kuukata wa kwanza, taratibu, kama mtu anayependa kazi yake iwe safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Naweka alama tu, mama."

"Alama ya nini?"

Kijana akatazama bati badala ya kumtazama yeye. "Nyumba zisizo na kiwanja. Ile ya bibi pale mbele imepewa namba ya kijani, itabaki. Hizi nyingine zitapisha."

"Zitampisha nani?"

"Mimi napaka rangi tu, mama."

Akamalizia mstari wake, akafuta tone lililotiririka, akaaga kwa adabu na kwenda kwenye nyumba iliyofuata. Kalista akabaki na maharage kwenye ungo. Hakumfuata kumuuliza zaidi, maana jibu alikuwa nalo mwenyewe. Alilijua tangu msimu wa kuchuma kahawa, na hakuwa amemwambia mtu.

Nyumba zao zilikuwa tano, juu ya mgongo mmoja wa kilima pembezoni mwa mji wa Mbinga. Iliyo mbele ni ya mama mkwe wake, Bibi Kunigunda. Zinazofuata ni za watoto wake wa kiume na wake zao, na ya mwisho kabisa, karibu na mashamba ya ngoro, yale ya vishimo vishimo mteremkoni, ni ya Kalista na marehemu Hyasinti, ambaye lori lilipinduka naye akishuka Mbamba Bay. Zamani mji ulikuwa huko bondeni na wao walikuwa shamba. Kisha ikaja lami, wakaja watu wa makaa ya mawe, bei ya kahawa ikapanda, na mji ukaanza kukipanda kilima. Kule njiapanda kampuni ya upimaji ilisimamisha bango kubwa: baba, mama na watoto wawili wanene mbele ya nyumba yenye vigae, na maneno kwamba haya ndiyo makazi ya familia, yenye hewa safi, utulivu na shule karibu. Wenyeji wakaambiwa kila kaya itapata kiwanja kimoja na hati yake bure. Vitakavyobaki vitauzwa ili kulipia upimaji. Watu walipiga makofi mkutanoni. Kalista naye alipiga.

Siku ya kuhesabiwa, watu wazima wote walikuwa shambani wakichuma kahawa. Yeye alikuwa amebaki kwa sababu ya mtoto aliyekuwa na homa. Akaja binti mpole aitwaye Dorothy, kishikwambi mkononi, akakaribishwa kigoda.

"Hapa kuna kaya ngapi, mama?"

"Kaya maana yake nini hasa?"

"Watu wanaokula pamoja."

Kalista akacheka, tena kwa majivuno. Yeye si Mmatengo. Ni mtu wa ziwani, wa Lituhi, na alipoolewa huku kitu kilichomshinda kuzoea kilikuwa hicho: jioni kila mwanamke hubeba chungu chake hadi uani kwa mama mkwe, watu wote hula pale, na baada ya kula mambo ya ukoo huzungumzwa palepale. Sengu, wanaiita. Miaka ya mwanzo aliiona adha. Baadaye, alipofiwa, ni sengu iliyomlisha yeye na wanawe bila mtu kumsimanga. Kusema kwamba mnakula mbalimbali ni kusema mmegombana.

"Sisi wote tunakula pamoja," alimwambia Dorothy. "Hapa ni kaya moja."

Binti akagusa kioo kwa kidole, akashukuru, akaenda zake. Hakuuliza jina la mtu mwingine yeyote ila la Bibi Kunigunda.

Sasa alama nyekundu zilikuwa kwenye nyumba nne.

Kesho yake wakaja wanunuzi. Dalali mmoja aitwaye Tobias aliwashusha kwenye gari mume na mke kutoka Songea, watu safi, wenye heshima. Mke alimwamkia Kalista shikamoo ingawa hawakupishana sana umri. Kalista angependa wangekuja na matusi, angejua la kufanya. Hawa waliuliza kama maji ya bomba hukatika, kama kuna vibaka, kama majirani wana watoto.

"Pametulia," mke alisema, akitazama bonde. "Hapa ndipo mahali pa kulea watoto. Mjini watoto wanaharibika."

"Na majirani watakuwa watu wenu," Tobias akaitikia. "Walimu, manesi, watu wa benki. Familia changa changa. Wenyeji waliopo wanahama taratibu."

Mume alipima hatua kutoka mti wa parachichi hadi mlangoni kwa Kalista, akageuka. "Jiko tungeliweka hapa, au unaonaje?"

Mahali alipoonyesha palikuwa kitanda cha Kalista, upande wa ndani wa ukuta. Yeye alikuwa amesimama palepale mlangoni, na hakuna aliyemwomba asogee. Walimzunguka tu. Mke akamtazama Beata, bintiye Kalista, akatabasamu na kumwambia ana macho mazuri.

Usiku ule Kalista hakulala, na uliofuata pia. Pikipiki ikipita barabarani, aliinuka kusikiliza kama itasimama. Aliogopa mabati yake yaking'olewa mvua ikiwa imeanza. Aliogopa zaidi kurudi Lituhi, kwa kaka yake mwenye wake wawili na nyumba ambayo maji ya ziwa yalikuwa yameshafika mlangoni, ambako wanawe wangekuwa watoto wa kuja. Lakini kuliko yote aliogopa chakula cha jioni.

Jioni ya siku ya pili, bakuli zilipokusanywa, shemeji yake Flaviani alinawa mikono, akajikohoza. Ndiye mkubwa wa waliobaki.

"Nimetoka ofisini. Wanasema sisi ni kaya moja, kiwanja kimoja. Wanasema tulijisemea wenyewe kwa kinywa chetu." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani alizungumza na watu wale?"

Luisa, mke wa Flaviani, alikuwa anakwangua ukoko wa ugali kwenye chungu bila sababu. Kalista aliinamisha uso juu ya mwanawe mdogo, Nazari, akajifanya anamtoa mwiba wa samaki mdomoni.

"Kiwanja kimoja hakitoshi nyumba tano," Flaviani aliendelea. "Mjue hilo. Itabidi tuangalie nani ana mahali pengine pa kwenda."

Alilisema bila kumtazama Kalista. Wengine wote walimtazama.

"Huyu ni mwanangu," alisema Bibi Kunigunda.

"Sijasema si mwanao, mama."

Kesho yake Kalista alivaa kitenge chake cha kanisani, akateremka mjini hadi ofisi ya mradi. Alisubiri kwenye benchi hadi mchana. Msimamizi aliitwa Meshack, mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alimkaribisha kiti, akaagiza apewe maji.

"Ni mimi niliyesema," Kalista akaanza kabla hajakaa vizuri. "Ile habari ya kaya moja. Nilikosea. Mimi ni mtu wa kuja pale, sikujua. Naomba mtusaidie, baba. Sisi ni kaya tano."

"Hukukosea, mama. Mnakula pamoja au hamli pamoja?"

"Tunakula pamoja, lakini kila mtu ana nyumba yake, ana watoto wake, ana shamba lake."

"Nyumba si kaya. Kaya ni watu wanaokula pamoja. Hiyo ndiyo tafsiri, sikuitunga mimi." Akatabasamu. "Ninyi Wamatengo mna mila nzuri sana. Sisi wengine tumezipoteza."

Kalista akanywa maji ili apate muda. "Na tukila mbalimbali?"

"Hapo mtakuwa kaya mbalimbali."

"Basi andika hivyo, baba."

"Siwezi kuandika maneno. Alhamisi tuna uhakiki wa mwisho. Tutakuja wenyewe, tuangalie. Mkionekana mnaishi kama watu wengine wanavyoishi, kila mtu na moto wake, tutalifikiria. Siahidi." Akainuka, mazungumzo yamekwisha. "Lakini mkituigizia, mama, hata kile kimoja cha bibi kitakuwa na maswali."

Aliporudi alimwambia Flaviani habari ya uhakiki tu. Jinsi alivyojua na kwa nini alikwenda, hakueleza, na Flaviani hakuuliza, ingawa alimtazama kwa muda mrefu. Habari yenyewe ilikuwa ya maana kuliko mleta habari. Jioni ile walikaa kwenye sengu kwa mara ya mwisho na kukubaliana kuivunja.

"Kwa siku hizi chache tu, mama," Flaviani alimbembeleza mama yake.

"Watoto watakula wapi?"

"Kwa mama zao."

"Na mimi nitakula na nani?"

Mzee mzima aliuliza swali, na watu wakatazama moto. Luisa ndiye aliyejibu, kwamba watamletea chakula kwa siri, giza likiingia. Bibi Kunigunda akasema hajawahi kula kwa kujificha tangu azaliwe, si wakati wa njaa, si wakati wa msiba, na kwamba mwizi ndiye anayekula hivyo. Kisha akanyamaza, na ukimya wake wakauchukua kuwa ni kukubali.

Siku iliyofuata kila nyumba ilitafuta mafiga yake. Walibeba mawe kutoka mtoni, wakayapaka masizi ili yasionekane mapya. Kalista aliweka yake ndani, akafukiza kuni mbichi hadi dari ikaanza kuwa nyeusi. Walifundisha watoto. Beata aliulizwa mara nyingi, unakula kwa nani, na kila mara alijibu kwa mama, lakini aliongeza na kwa bibi, hadi Kalista akamfinya sikio na kumliza. Wakati wa kula uwanja ulikuwa mtupu. Kila mlango ulikuwa umefungwa na ndani yake watu walitafuna kimyakimya, wakisikiliza kama jirani naye anatafuna. Luisa alipika nyama. Harufu ilifika kwa Kalista, aliyekuwa na usipa tu, vidagaa vya ziwani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe wanawe wakamuuliza kwa nini wao hawana nyama. Hakuna aliyekumbuka kumpelekea Bibi chakula. Au kila mmoja alidhani mwenzake amepeleka.

Alhamisi walikuja mchana, watoto wakiwa wamerudi kutoka shule. Meshack alitangulia, Dorothy nyuma yake na kishikwambi, kisha kijana wa rangi na makopo mawili, la nyekundu na la kijani. Walianzia kwa Flaviani. Kupitia ufa wa mlango Kalista aliwaona wakiinama kwenye mafiga, Meshack akishika jivu kwa vidole, akifunua chungu. Alisikia Luisa akicheka kicheko kirefu mno. Yeye Kalista alikuwa amepika maharage, ameweka sahani tatu mkekani, amewaketisha watoto. Hakuna kilichosahaulika.

Halafu akamwona Bibi Kunigunda.

Alitoka nyumbani kwake na bakuli kubwa la mbao kifuani, limefunikwa kitambaa, mvuke ukipenya pembeni. Alivaa gauni lake la Jumapili. Aliukata uwanja katikati, akawapita wageni bila kuwatazama, akapita mlango wa Flaviani na wa waliofuata, akija moja kwa moja kwenye nyumba ya mwisho. Kalista akasukuma komeo.

"Kalista," sauti ikaita nje. "Mwanangu. Watoto wametoka shule. Nifungulie, ugali unapoa."

Beata akafungua mdomo kuitika. Kalista alimvuta, akamziba kwa kiganja. Kwa mkono mwingine akamkumbatia Nazari, akamgandamizia uso kifuani.

"Kalista. Upo humo, naona moshi."

Nyayo zikasogea nje, za viatu.

"Shikamoo bibi," ilikuwa sauti ya Meshack, yenye upole uleule. "Pole na kazi. Chakula hicho unampelekea nani?"

"Marahaba. Nawapelekea wajukuu zangu."

"Huwa wanakula kwako?"

Kupitia ufa Kalista aliona vidole vya Dorothy vikingoja juu ya kioo, na nyuma ya Dorothy, Flaviani aliyekuwa anatikisa kichwa kwa nguvu ambazo mama yake hakuwa anaziona, maana alikuwa ameupa uso mlango.

"Kalista," akasema. "Wanauliza. Niseme nini?"

Moshi wa kuni mbichi ulijaa nyumba nzima. Kalista alifumba macho. Alingoja mtu mwingine aseme, shemeji, Luisa, yeyote mwenye haki zaidi ya kusema pale kuliko yeye.

Bibi akauliza tena, safari hii kwa Kimatengo, kwa sauti ya chini kana kwamba wako wawili tu. Beata alielewa. Akauma kidole cha mama yake kwa meno yote, na Kalista hakuutoa mkono.