Geti la Machochwe Lilivyosikika Tarime

Kazi yangu ukiisoma kwenye karatasi inapendeza sana. Naitwa mwezeshaji wa vyuo vya ufundi katika mafunzo ya mtandaoni kwa wanafunzi walio makazini. Ukiitoa kwenye karatasi, mimi Sadock ni mtu wa makamo mwenye pikipiki na begi la chaja, nazunguka Tarime na Serengeti nikiwaambia walimu wa ufundi kwamba simu si ya kupigia tu.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Mwanafunzi anakaa kwenye karakana ya mtu, anafanya kazi halisi, na mwalimu wake aliyebaki chuoni anamfundisha na kumkagua kwa simu. Hata mtoto anaelewa. Shida ni kwamba sikutumwa kwa watoto, nilitumwa kwa Mzee Werema.

Mzee Werema anafundisha kuchomelea vyuma kwenye chuo kidogo nje kidogo ya mji wa Tarime. Ana miaka sitini na tatu na nyusi zilizoungua mara nyingi mpaka zimekata tamaa ya kuota. Siku ya kwanza nilimwekea simu mezani, akaitazama kama mtu aliyeletewa mboga asiyoijua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Darasa."

"Darasa langu lina paa," akasema, akarudi kwenye chuma chake.

Nilienda miezi mitatu mfululizo. Ripoti zangu za miezi hiyo, kwenye safu ya Mzee Werema, ziliandikwa neno moja tu: anatafakari.

Wanafunzi wake walikuwa tisa, na aliyewazidi wote ni binti mmoja anaitwa Gati. Alikaa benchi la mbele, aliuliza maswali mpaka mzee anasahau chai. Sasa Mzee Werema ana mwanawe, Godwin, anauza dawa za mifugo kule Machochwe, Serengeti. Godwin akaja chuoni siku moja keria ya pikipiki yake imekatika. Gati akaichomelea. Wiki iliyofuata akaja tena, keria imekatika. Wiki ya tatu nilimtazama Godwin usoni nikajua kabisa kwamba ile keria anaikata mwenyewe na nyundo. Kufika Desemba ng'ombe wa mahari wameshavuka, harusi imefungwa, tumekula nyama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea umesimama wapi.

Kwetu Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Hawakai kivuli kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha mapema. Si ugomvi. Ni heshima kuliko heshima zote, tunaiita ensoni. Wapo wanaolegeza siku hizi. Mzee Werema hakulegeza hata bolti moja.

Januari chuo kikafunguliwa. Jumatatu asubuhi mzee anaingia darasani na chaki yake, anamkuta mkwe wake benchi la mbele na daftari limefunguliwa. Akageuka palepale kama mlango. Siku ile alifundisha akiwa nje ya dirisha, amewapa mgongo, anaelekeza kidole kwenye shamba la mahindi. Jumanne hivyohivyo. Wanafunzi wanasema mahindi yale yalielewa somo vizuri.

Jumatano simu yangu ikaita.

"Sadock," akasema Mzee Werema. "Lile darasa lisilo na paa. Unalo bado?"

Basi Gati akapelekwa kujifunza kazini Machochwe, kwenye karakana ya Deus, mtu mkubwa wa mwili anayetengeneza madawati na mageti ya mazizi. Mzee akashika simu, na baada ya wiki mbili hakuna mwalimu mkoa mzima wa Mara aliyekuwa anatuma masomo kama yeye. Alirekodi sauti akila, alirekodi akinawa. Zote zilianza hivi: "Wanafunzi wangu wote tisa." Lakini kila mtu alijua. "Kuna mmoja wenu, simtaji, analaza sana kijiti cha kuchomelea. Akisimamishe." Wale wanane waliobaki Tarime wanatazamana, wanasema, "Machochwe." Na Gati anajibu kwa picha: mikono yake, chuma, mshono. Uso hapana.

Bosi wangu Mwanza akaniuliza nimetumia mbinu gani kumgeuza mzee yule. Nikamwandikia: ushirikishwaji wa familia.

Halafu ukaja mtihani wa mwisho. Masharti yalikuwa wazi: mwanafunzi achomelee kazi moja kamili ndani ya saa mbili, moja kwa moja kwenye video, mwalimu wake akishuhudia, na mkaguzi kutoka Mwanza akae pembeni. Deus alikuwa amepata kazi ya madawati ya shule, kazi inayotaka fundi mwenye cheti, na alishamwambia Gati bila kuzunguka.

"Shemeji, ukipita, nafasi ni yako. Usipopita, mtihani mwingine ni mwakani, na madawati hayawezi kusubiri mwakani. Nitachukua fundi kutoka Mugumu mjini. Sikufukuzi, lakini ndiyo hivyo."

Siku tatu kabla tukafanya jaribio. Nilikaa na mzee karakanani Tarime, Deus akapiga video kutoka Machochwe. Nilimsisitizia Deus aelekeze simu chini, kwenye chuma. Akasema nimwachie. Picha ikafunguka, na kioo kizima kikajaa uso wa Gati, anatabasamu, ana jasho puani.

Mzee Werema aliondoka kwenye kiti kabla kiti chenyewe hakijajua. Nilimkuta nyuma ya pipa la maji.

"Mzee, ile ni picha tu."

"Ilinitazama."

"Yuko mbali, mzee. Machochwe."

"Sadock, heshima haipimwi kwa kilomita." Akaifunga simu kwenye kitambaa kama kifaranga kilichokufa, akanirudishia.

Nikampigia Gati kumweleza. Nikasikia mbuzi wa jirani yao anapiga kelele. Binti huyu alikuwa ameungua vidole mwaka mzima kwa ajili ya siku ile.

"Mwalimu Sadock," akasema mwishowe, "kwani mimi nachomelea uso wazi?"

"Hapana. Unavaa maski."

"Basi."

Mimi mwenye diploma sikuwa nimewaza hilo. Nikarudi kwa mzee, nikamwambia mkwe atakuwa amefunikwa uso mwanzo mpaka mwisho. Akafikiri, akanyoosha mkono, akachukua kifaranga chake.

Alhamisi mkaguzi akafika. Anaitwa Winfrida, dada mpole mwenye kalamu kali. Alikuja na kishkwambi chake kikubwa, akakisimamisha juu ya meza ya kukatia vyuma, sisi watatu tukakaa mbele yake. Saa nne kamili, Machochwe ikatokea: Gati ndani ya ovaroli, maski imefunika uso mpaka kidevuni, mbele yake vipande vya geti la zizi. Mzee amekaa, mikono magotini. Nikaanza kupumua.

"Habari za huko," akasema Winfrida. "Gati, inua maski kidogo nikufananishe na picha yako."

Nikafungua mdomo nimweleze. Kabla sijatamka, pembeni yangu nikasikia *tap*. Mzee alikuwa ametungua maski yake msumarini na kuivaa. Winfrida akamtazama Gati, akatazama picha, akaweka tiki. "Asante, shusha. Mzee, unaweza kuvua sasa."

"Huyo mshika simu simwamini," akasema mzee kutoka ndani. "Navaa mpaka mwisho."

Na kwa asiyejua: maski ya kuchomelea ina kioo cheusi tii. Kama hakuna moto mbele yako, huoni hata mkono wako. Nilishawahi kuivaa nikasalimia mlango. Kwa hiyo mwalimu aliyetakiwa kushuhudia kazi alikuwa anashuhudia giza.

Sikusema. Nilimwangalia Winfrida, naye alikuwa anamwangalia Deus anavyopiga picha. Tuliona anga. Tuliona dole gumba. Kisha mwanga mweupe ukajaza kila kitu, mashine ikanguruma, na pembeni ya mwanga huo kiatu cha Deus.

Mzee akainamisha kichwa upande mmoja.

"Kuna mmoja wenu," akakiambia kishkwambi, "kijiti chake kimekaa mbali na chuma. Akisogeze."

Winfrida akaninong'oneza, "Mmoja wenu? Si yuko peke yake?"

"Ni heshima," nikamwambia.

Sauti kutoka Machochwe, iliyokuwa inapasukapasuka kama bisi, ikatulia. Ikawa laini, mfululizo, kama dagaa kwenye mafuta.

"Hapo," akasema mzee. "Sasa dagaa wanaiva."

Winfrida akaandika kitu. Hakuuliza mzee ameonaje kupitia mwanga ule wakati sisi wenye macho matupu tulikuwa tunafuta machozi. Saa moja na dakika arobaini zikaenda hivyo, geti likasimama, Gati akagonga magamba ya mshono, akasema kwa sauti ndogo, "Nimemaliza."

"Mwenye geti agonge kona zote nne na nyundo," akasema mzee. "Polepole."

Kona ya kwanza: *ngiii*. Ya pili: *ngiii*. Ya tatu: *tok*.

Mzee akainamisha kichwa tena. Winfrida akamwambia Deus asogeze simu, na safari hii Deus akalenga sawasawa. Mshono wa kona ya tatu ulikuwa mzuri, umelala kama mkia wa mjusi.

"Mimi naona uko safi kabisa," akasema Winfrida, kalamu ikaenda kwenye tiki.

Nikamkanyaga mzee mguu chini ya meza. Nilichotaka ni aitikie tu, yaishe, binti apate cheti chake.

"Sadock ananikanyaga," akasema mzee. "Kona ya tatu ina pango ndani. Ng'ombe mmoja akiegemea, geti liko chini, na zizi lote liko kwenye mahindi ya jirani."

Gati hakujitetea, akachukua grenda akaukata mshono wake mwenyewe. Ndani palikuwa na tundu la kuingiza punje ya mtama. Deus akasema, "He."

Winfrida akapekua karatasi zake. "Anaruhusiwa kurudia kabla muda haujaisha. Zimebaki dakika kumi na moja."

Gati akashusha maski. Na hapo mtandao, ambao asubuhi nzima ulikuwa na adabu, ukakumbuka kwao. Picha ikaganda. Na haikuganda kwenye geti, iliganda kwenye ng'ombe wa jirani yake Deus aliyekuja kuangalia, pua imejaa kioo kizima. Sauti tu ndiyo ilikuwa inaendelea kuja. Winfrida akakigonga kishkwambi, akakiinua juu, akakizungusha. Ng'ombe hakubanduka. Sasa tulikuwa watatu tusioona, na mmoja tu kati yetu ndiye aliyezoea.

"Tulieni," akasema aliyezoea.

Tukatulia. Bisi kidogo, halafu dagaa. Dagaa wakaiva muda mrefu, hawakuungua. Kimya. Magamba yakagongwa. Zimebaki dakika mbili.

"Agonge."

*Ngiii*, ikafika sauti kutoka Machochwe, ndefu, safi, na ng'ombe anatutazama.

"Zote," akasema Winfrida. Alikuwa amefumba macho, nadhani hakujua.

*Ngiii. Ngiii. Ngiii. Ngiii.*

"Hilo ni geti," akasema Mzee Werema.

Baadaye kidogo ng'ombe akaondoka na picha ikarudi. Winfrida akakagua kila kona kwa macho yake, ndipo akaweka tiki. Gati amepita. Kule Deus akacheka mpaka simu ikaanguka. Mzee, alipohakikisha kishkwambi kimezimwa, akavua maski. Nyusi zake kama kawaida hazikuwepo, lakini mahali pake palikuwa juu.

Winfrida akaiomba maski, akaivaa. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akagonga kopo la rangi na kiwiko.

"Mzee, muda wote huu ulikuwa huoni kitu?"

"Nilikuwa nasikiliza. Wewe ulikuwa unaona. Lile pango uliliona?"

Akaivua taratibu, akacheka kama mtu aliyekamatwa anaiba karanga. Fomu yake ilikuwa na sehemu inayouliza mwalimu ameshuhudiaje kazi, na visanduku viwili: ana kwa ana, na video. Alivitazama vyote viwili. Kisha akachora cha tatu kwa mkono, akaandika *kwa kusikia*, akaweka tiki na sahihi yake. Nasikia kule Mwanza fomu ile imezua kikao.

Saa nane, tukiwa tunakunywa chai, mzee akabonyeza simu yake, akajisafisha koo.

"Wanafunzi wangu wote tisa. Leo kuna mmoja wenu amechomelea geti. Simtaji. Limefika mpaka huku Tarime. Mwenye masikio amelisikia."

Akatuma. Wale wanane, walioketi mezani palepale na vikombe vyao, wakasema kwa pamoja, "Machochwe."

Haikupita dakika, jibu likaingia. Sauti pia. Mzee akaiweka sikioni. Kwenye rekodi hiyo hakukuwa na neno, ilikuwa ni nyundo tu, kona nne, na mlio wa mwisho ukaachiwa ufe wenyewe. Akaisikiliza mara tatu. Kisha akanigeukia na kuniambia nimpe chaja, betri inaisha.